Simu yako, sitara ya wengi: jinsi ya kuhamia programu zinazoheshimu faragha

Chukua simu ya mtu yeyote hapa Lamu utazame ina nini ndani. Zimo namba za jamaa zake wote, kuanzia Langoni hadi Matondoni. Mna picha ya kitambulisho cha shangazi, aliyoituma ili asaidiwe kujaza fomu ya eCitizen, picha za harusi, na jumbe za sauti za mama. Akiwa ni mtu wa nyumba za wageni, mna na pasipoti za wageni pia. Vingi kati ya hivyo si vyake. Ni vya watu waliomwamini.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi sina cha kuficha," simbishii. Pengine kweli hana. Lakini simu yake imebeba ya wenziwe, na hao hakuna aliyewauliza. Mwongozo huu umepangwa kwa kuanzia hapo: tunabadilisha kwanza programu zinazotoa nje mambo ya watu wengine, halafu ndipo tunakuja kwenye yako.

Nyumba za kale za mji huu zinatufundisha vizuri. Mgeni hupokewa dakani, pale penye mlango wa mbele, akakaa barazani, akanywa kahawa, akasema haja yake, akaondoka bila ya kuona ukumbi wala ndani. Anayeingia ndani ni anayejulikana. Programu nyingi za bure hazikai dakani. Ukizisakinisha tu zinaomba namba za watu, picha, mahali ulipo na maikrofoni, hata kama kazi yake yote ni kuwasha tochi.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kubadilisha

Usikimbilie kupakua kitu. Kaa kitako na simu iliyojaa chaji, kalamu na karatasi. Kwenye Android fungua Mipangilio, uingie sehemu ya usalama na faragha, utafute orodha ya ruhusa. Kwenye iPhone ni Mipangilio, kisha sehemu ya faragha na usalama. Hapo utaona kila ruhusa na programu zilizopewa.

Anza na ruhusa ya namba za watu, kwa sababu hiyo ndiyo inayogusa wengi kwa mpigo mmoja. Kwa kila programu uliyoikuta hapo jiulize: inazihitaji kwa kazi gani? Programu ya ujumbe ina sababu. Mchezo wa mtoto hauna. Kisha nenda kwenye mahali ulipo, maikrofoni, kamera, na picha na faili. Ya mahali ulipo iweke iwe wakati wa matumizi tu, na palipo na uwezo wa kuzima mahali halisi, zima. Programu ya hali ya hewa inatosheka kujua uko Lamu, haina haja ya kujua uko nyumba gani Mkomani.

Usiyoitumia, ifute leo. Unayoitumia lakini imejipa ruhusa isizozihitaji, inyang'anye. Unayoihitaji lakini huiamini, iandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya vitu vya kutafutiwa mbadala, na kwa watu wengi huwa fupi kuliko walivyodhani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupakua mbadala

Mbadala mbaya ni hasara mbili: umesumbuka kuhama, na bado hujatoka ulipokuwa. Swali la kwanza ni nani anayelipa. Programu inaendeshwa na watu wanaokula na kompyuta zinazolipiwa umeme. Ikiwa ni bure na haina mchango, haina ada, haina shirika nyuma yake, basi kuna kitu kinachouzwa.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni ufunguo uko kwa nani. Kampuni inaweza kusema data yako "imefungwa" na ufunguo ikabaki nao yenyewe. Unachotafuta ni usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho: ujumbe au faili inafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemtumia, na walio katikati, pamoja na mwenye huduma, hawana cha kusoma.

La tatu, je, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi? Programu ya chanzo huria inaweza kukaguliwa na watu wasiokuwa na maslahi nayo. Wewe na mimi hatutausoma huo msimbo, lakini wapo wanaousoma. Kwenye Android kuna duka liitwalo F-Droid, lililoanza 2010, linaloweka programu huria tu na kuandika wazi ikiwa programu fulani ina tabia ya kukufuatilia. Pia kuna shirika la Ufaransa, Exodus Privacy, ambalo kwenye tovuti yake unaandika jina la programu ya Android na kuonyeshwa vifuatiliaji vilivyomo. Maelezo ya usalama wa data unayoyaona kwenye Play Store huandikwa na mwenye programu mwenyewe, kwa hiyo yasome kama tangazo la muuzaji.

La nne linasahauliwa sana: nani anaimiliki leo? Kulikuwa na programu za Simple Mobile Tools, zikiwemo galari na kalenda zilizosifiwa kwa kutokuwa na matangazo. Mwishoni mwa 2023 ziliuzwa kwa kampuni iitwayo ZipoApps. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, watu wengine waliuchukua wakaendeleza kwa jina la Fossify, na hizo ndizo ninazozipendekeza. Aliyesakinisha zile za zamani akalala usingizi alijikuta na mwenye mali mpya bila kujua. Tazama pia lini programu ilisasishwa mara ya mwisho. Iliyoachwa miaka miwili bila kuguswa, iache na wewe.

Mwisho, uliza kama itafanya kazi hapa kwetu. Simu ya kumbukumbu ndogo, mtandao unaoyumba ukivuka kwenda Manda au Mokowe, bando la kuhesabu. Programu nzuri ambayo mama hawezi kuifungua si mbadala.

Ujumbe: usiiache WhatsApp kwanza, ifunge vizuri

Tuseme ukweli. Huwezi kuishi Lamu mwaka huu bila WhatsApp. Msiba unatangazwa humo, chama kinaendeshwa humo, mgeni kutoka Ujerumani anauliza boti humo. Anayekuambia uifute leo hajui maisha yako.

Maneno ya WhatsApp yenyewe yamefungwa mwisho hadi mwisho tangu 2016, tena kwa njia ile ile iliyobuniwa na Signal. Tatizo liko pembeni ya maneno. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook, ambayo sasa ni Meta, mwaka 2014, na kampuni hiyo huishi kwa matangazo. Inajua nani anamwandikia nani, mara ngapi, saa ngapi, yuko kwenye makundi gani, na ina kitabu chako cha namba, pamoja na namba za watu ambao hawajawahi kuitumia WhatsApp. Na unachomwandikia msaidizi wa akili bandia wa Meta humo ndani kinafika kwa Meta. Hicho si cha kati yako na ndugu yako.

Fanya haya leo. Ingia mipangilio ya gumzo, nenda kwenye nakala ya akiba, uwashe usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Umekuwepo tangu 2021, lakini hauwashwi mpaka uuwashe wewe, na bila huo nakala ya mazungumzo yako yote inakaa kwenye akaunti ya Google au Apple ikiwa haijafungwa kwa ufunguo wako. Utachagua nenosiri au upewe ufunguo wa tarakimu 64. Uandike kwenye karatasi uhifadhi na hati za nyumba, kwa sababu ukipotea hakuna wa kukufungulia. Kisha weka PIN ya hatua mbili kwenye akaunti. Kwenye faragha, picha yako waione unaowajua tu, na wanaoweza kukuingiza kwenye makundi wawe hao hao. Zima pia ile ya kuhifadhi picha moja kwa moja kwenye galari. Nitakuja kueleza kwa nini.

Baada ya hapo, sakinisha Signal pembeni. Signal inaendeshwa na shirika lisilo la faida, lililoanzishwa 2018 na Moxie Marlinspike pamoja na Brian Acton, mmoja wa waliounda WhatsApp yenyewe, ambaye aliweka dola milioni 50 kuisimamisha. Leo inaishi kwa michango. Mahakama za Marekani zilipowaamuru watoe taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hilo ndilo jibu la swali la ufunguo: hawakukataa kutoa, hawakuwa nacho.

Kuisakinisha kunahitaji namba ya simu, lakini tangu 2024 unaweza kujipa jina la mtumiaji na kuificha namba. Nenda faragha, kisha namba ya simu, uchague asione mtu. Hili ni jambo kubwa kwa dada anayeuza mikoba au vyakula mtandaoni na hataki kila mteja awe na namba yake ya usiku.

Usijaribu kuuhamisha ukoo mzima, utachoka na watakuchoka. Chagua watu watatu au wanne mnaoambiana mambo mazito: mume au mke, ndugu, mweka hazina wa chama. Hao wahamishie Signal, wekeni ujumbe wa kujifuta baada ya wiki nne, na WhatsApp ibaki kwa kelele za mjini. Mazungumzo ya zamani hayahami kutoka WhatsApp kuja Signal, kwa hiyo mnaanza upya. Na washa nakala ya akiba ya Signal mapema, uandike ufunguo wake, kwa sababu simu ikitumbukia majini bila nakala, yote yamekwenda.

Telegram wengi huidhani ni ya siri. Mazungumzo yake ya kawaida hayajafungwa mwisho hadi mwisho, na makundi hayafungwi kabisa. Iliyofungwa ni ile gumzo ya siri ya watu wawili tu, ambayo lazima uianzishe mwenyewe. Itumie kusoma habari. Usiweke humo kitambulisho cha mtu.

Picha, na hasa picha za harusi

Hapa ningeomba usome polepole, maana ndipo penye madhara yasiyorudishwa.

Kwenye sherehe ya kumpamba bibi harusi, wanawake huvua mabuibui wakakaa kwa raha zao, na familia nyingi husimamisha mtu mlangoni kuzikusanya simu. Wengine huziruhusu kwa sharti kuwa picha hazitumwi kokote. Bibi harusi anaahidiwa, na anayeahidi anamaanisha. Lakini simu yake ina programu ya picha iliyowekwa kupakia kila kitu kwenye wingu. Anafika nyumbani, simu inaungana na waifai, na picha za wanawake wasiokuwa na habari zinapanda kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, zikapangwa kwa nyuso na kwa mahali. Hakutuma kwa mtu. Mipangilio ndiyo iliyotuma.

Fungua programu yako ya picha, gusa alama ya akaunti juu, utafute nakala ya akiba uizime, au uiruhusu kwa folda unazozichagua wewe tu. Ikiwa WhatsApp yako umeiachia ihifadhi picha kwenye galari, basi hata picha za kupamba ulizotumiwa na mwingine zinaweza kupanda wingu lako. Ndiyo sababu nilisema uzime. Kisha ingia mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi mahali. Picha iliyopigwa mahali pamewashwa huwa imebeba latitudo na longitudo za ule mlango, na anayepokea faili halisi anaweza kuzisoma.

Kwa kutazama na kupanga picha kwenye simu, weka galari ya Fossify kutoka F-Droid. Haiendi mtandaoni, haiombi akaunti. Kwa wanaotaka wingu kweli, kwa kuwa simu huibiwa na maji ya chumvi hayana huruma, kuna Ente: ni chanzo huria, na picha zinafungwa kwenye simu yako kabla ya kupanda, mwenye huduma hazioni. Nafasi ya bure ni ndogo kuliko GB 15 za Google, na ukitaka zaidi unalipa. Mimi naona ni haki kulipa.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kebo. Kila mwezi unga simu na kompyuta, nakili picha kwenye diski ya nje, na diski yenyewe uifunge kwa VeraCrypt, ambayo ni bure na huria. Weka diski ya pili kwa ndugu nyumba nyingine. Kama tayari unalipia Google Drive au Dropbox na hutaki kuhama, tumia Cryptomator: inafunga faili kwanza, halafu wingu linapokea kitu kisichosomeka.

Kwa wenye nyumba za wageni na manahodha

Mgeni anatuma picha ya pasipoti WhatsApp ili ujaze daftari. Picha ile inabaki kwenye gumzo, inanakiliwa kwenye galari, inapanda wingu, na kijana wa mapokezi akiacha kazi anaondoka nayo kwenye simu yake. Mwaka unapita, na bado ipo mahali pote hapo.

Badilisha utaratibu kabla ya kubadilisha programu. Mwambie mgeni aje na pasipoti, uandike daftarini yanayotakiwa akiwa mbele yako, umrudishie. Ikiwa ni lazima itangulie, pokea kwa Signal na ujumbe wa kujifuta wiki moja, au kwa barua pepe ya kazi, kisha ufute ukishaandika. Simu ya kazi iwe ya kazi, isiwe ya mfanyakazi.

Hili lina sheria pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfanya anayekusanya taarifa hizo awe na dhima. Kanuni za usajili za 2021 zinazitaja biashara za ukarimu kati ya zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data; waongoza watalii wametolewa. Na taarifa za watu zikifika kwa asiyestahiki kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Mnamo Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ridhaa yake. Kabla ya kubandika picha ya mgeni kwenye jahazi lako Instagram, muulize.

Barua pepe

Barua pepe ndiyo mlango wa akaunti zako zote. Anayeishika anaweza kubadilisha nenosiri la kila kitu. Mbadala ninaouamini ni Proton Mail, ulioanza 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na Tuta ya Ujerumani. Zote zina akaunti ya bure na zote haziishi kwa matangazo.

Jua mipaka yake. Barua kati ya watu wawili wa Proton imefungwa mwisho hadi mwisho. Barua unayoipata kutoka kwa mtu wa Gmail imepita Gmail, hilo halibadiliki. Wala hakuna huduma iliyo juu ya sheria: mwaka 2021 Proton ililazimishwa na mamlaka za Uswisi kutoa anwani ya mtandao (IP) ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Maneno ya barua hawakuyatoa, kwa kuwa hawawezi kuyasoma.

Kuhama kunafanywa hivi. Fungua akaunti mpya, na mara moja uandike maneno ya kurejesha akaunti kwenye karatasi. Ukisahau nenosiri bila maneno hayo, barua za zamani hazitafunguka. Weka Gmail ikupelekee barua kwenye anwani mpya. Kisha badilisha anwani kwenye akaunti kubwa kwanza, benki, eCitizen, iTax, na nyinginezo kadiri barua zao zinavyoingia. Gmail ya zamani iache wazi mwaka mzima, na uiingie mara kwa mara, maana Google hufuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa.

Kivinjari, kutafuta, na VPN

Hii ni rahisi na inaokoa bando. Kwenye Android sakinisha kivinjari cha Firefox, ingia kwenye viongezi, uongeze uBlock Origin. Matangazo na vifuatiliaji vinazuiwa, kurasa zinafunguka haraka, na data uliyokuwa ukilipia kutazama matangazo inabaki kwako. Firefox ni ya Mozilla, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google kwa kuiweka iwe injini ya kutafuta ya mwanzo, kwa hiyo ukishaisakinisha badilisha hilo. Weka DuckDuckGo au Startpage. Kipimo cha thamani ya chaguo hilo la mwanzo ni hiki: mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya mwanzo kwenye vifaa vyake. Ukitafuta jambo la Kiswahili na DuckDuckGo ikashindwa, rudi Google kwa swali hilo moja, hakuna dhambi.

Hali fiche ya kivinjari inaficha historia kwa mtu atakayeshika simu yako baadaye. Haikufichi kwa tovuti unazozitembelea wala kwa kampuni ya laini.

VPN ndiyo inayonitia wasiwasi. Telegram ilipofungwa nchini wakati wa mitihani ya KCSE, Novemba 2023 na tena 2024, vijana walipakua VPN yoyote ya bure waliyoiona. VPN hupitisha kila kitu chako kwa mwenye VPN. Umemkwepa mmoja ukajikabidhi kwa mwingine. Facebook ilikuwa na yake, Onavo, iliyotumiwa kuangalia watu wanatumia programu gani, na ilitolewa madukani 2018 na 2019. Ukihitaji VPN, tumia ya bure ya Proton, au Mullvad kwa kulipia. Kwa waifai ya mkahawa pale bandarini, tovuti zenye alama ya kufuli tayari zinasimba mawasiliano yako.

Ramani

Pakua Organic Maps au CoMaps, kisha uteremshe ramani ya Kenya ukiwa kwenye waifai. Ramani zinatoka OpenStreetMap, iliyoanzishwa 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Inafanya kazi bila bando, kwa sababu GPS haihitaji intaneti, na haimwambii mtu umepita wapi. Mvuvi anayeweka alama ya mwamba wake wenye changu, alama ile inabaki kwenye simu yake. Usiitumie lakini badala ya ujuzi wa mkondo. Haina vina vya maji.

Ukiona kichochoro chako hakipo au msikiti umeandikwa jina baya, unaweza kusahihisha mwenyewe. Ramani ya mji wetu ni vizuri ichorwe na sisi.

Nenosiri, kibodi, na hati

Bitwarden hutunza nenosiri zote na kuzioanisha kwenye vifaa vyako. KeePassDX, ya Android, huzitunza kwenye simu bila mtandao kabisa. Chagua moja, uwe na nenosiri kuu la maneno manne au matano yasiyohusiana. Kwa namba za uthibitisho unazoombwa ukiingia kwenye akaunti, tumia programu ya Aegis, ya Android, kuliko SMS, kwa kuwa laini inaweza kuibwa.

Kibodi inaona kila unachoandika, hata kwenye Signal. HeliBoard, iliyoko F-Droid, haiombi ruhusa ya intaneti, kwa hiyo haina njia ya kupeleka maneno popote.

Kwa barua na hesabu za kompyuta, LibreOffice inatosha ofisi na shule, bila akaunti. Asili yake ni OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitia Kiswahili mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux.

Programu za mikopo

Hapa hakuna mbadala wa kupakua, kuna wa kukataa. Programu za mikopo zilizosoma namba za watu kisha zikawapigia bosi, mkwe na mwalimu wa mtoto zimewavunjia heshima watu wengi. Tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo ya binafsi kwenye Play Store kuomba namba za watu wala picha. Kwa hiyo inayokutaka upakue faili nje ya duka, au inayoziomba namba hizo, iache hapo hapo. Aliyekwisha kudhalilishwa anaweza kulalamika kwa Kamishna. Mwaka huo huo wa 2023 kampuni moja ya mikopo ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho.

M-Pesa, benki na eCitizen hazina mbadala wa maana. Zipe ruhusa chache iwezekanavyo, uendelee na kazi zako.

Kufunga ulikotoka

Kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Kabla ya kuondoka kwenye huduma yoyote, pakua vitu vyako; Google ina Takeout, na Facebook na Instagram zina sehemu ya kupakua taarifa zako. Fungua faili ulizozipakua uhakikishe zinasomeka. Waarifu watu wako anwani mpya, subiri wiki kadhaa uone ni nani bado anatumia ya zamani.

Kisha ingia mipangilio ya akaunti, utafute kufuta akaunti, siyo kuizima kwa muda. Facebook hukupa siku 30 za kubadilisha nia. Ukiingia ndani ya siku hizo, hata kwa bahati mbaya kupitia programu nyingine iliyounganishwa, ufutaji unasimama. Kwa hiyo tenganisha kwanza michezo na tovuti ulizoziingia kwa akaunti hiyo. Kufutwa kwenyewe kwa data, kwa Facebook na kwa WhatsApp, kunaweza kuchukua hadi siku 90. Andika tarehe uliyobonyeza kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, na miezi mitatu ikipita jaribu kuingia tena kwa namba au anwani ya zamani, kwa kivinjari, uone kama akaunti haipo kweli.